Zombi wa Kadutu na Sufuria ya Tante Cécile

Tulimzika Tante Cécile, shangazi yangu, mchana wa jua kali, na kesho yake asubuhi wanawake wa familia tukaingia jikoni mwake kutafuta vyombo vya kuwapikia watu wa matanga. Nyuma ya gunia la unga wa muhogo nikaikuta sufuria yake kubwa ya aluminiamu, ile isiyoweza tena kukaa sawasawa juu ya babula, jiko la makaa, kwa sababu ubavu wake mmoja umebondekabondeka. Binti mmoja wa ukoo, mwenye haraka za kizazi chao, akaishika kwa vidole viwili akasema, "Hii tuitupe, maman, ilishakufa." Nikamnyang'anya kwa ukali ambao hakuustahili. Nilikuwa bado nimeikumbatia wakati Fiston, jirani niliyesoma naye, alipochungulia mlangoni. Fiston siku hizi ana kitambi na mvi, ana watoto wanaomwogopa, na koti jeusi la mazishi lilikuwa linambana makwapani. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema kwa sauti nzito ya mtu anayetangaza somo kanisani: "Zombi beko ku mulango. Uko na nini mu mukono?" Nikacheka. Nilicheka kwenye matanga ya mwanamke aliyenipokea nyumbani mwake, kicheko cha kutoka tumboni, hadi wamama waliokuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, uani wakasimamisha mitwangio na kutazamana. Sikuona haya. Tante mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka, na angewauliza wale wamama kama sombe inajitwanga yenyewe.

Yaliyonitoa kwetu Bunyakiri nitayaruka. Sina hamu ya kurudi huko kwa kalamu. Inatosha kusema kwamba nililazimika kulala chini usiku mzima katikati ya mihogo, wenye silaha wakipita, nikiwa nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kulipokucha nikaiondoa mikono, lakini sauti ikabaki kule. Sikuwa bubu. Nilisema, ila kwa kunong'ona, na kila nilipojaribu kupaza sauti koo lilijifunga, kama mlango ambao mtu ameushikilia kwa ndani. Wazazi wangu wakanileta Bukavu kwa Tante Cécile nimalizie mwaka wa sita wa sekondari. Daktari alinimulika kooni akasema kila kitu kiko mahali pake. Watu wa maombi waliniwekea mikono. Majirani walileta asali, tangawizi, na mzizi mmoja mchungu ambao hadi leo nikiukumbuka ulimi unakunjamana. Mwalimu wetu wa Kifaransa ndiye aliyenieleza ukweli bila kuuzungusha. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa serikali, na ndani yake kulikuwa na mtihani wa kusema kwa mdomo mbele ya mtu usiyemjua, madirisha wazi, pikipiki zikipiga honi barabarani. "Mademoiselle," aliniambia, "yule examinateur hataleta sikio yake ku midomo yako. Kama hasikii, anaandika zéro." Kwa hiyo mwaka ule kwangu ulikuwa na swali moja tu. Ama sauti irudi kabla ya mtihani, ama nirudi Bunyakiri bila diploma, na bila sauti.

Nyumba ya Tante ilikuwa Kadutu, mlimani, mahali ambapo jirani yako hakai kando yako bali juu ya kichwa chako au chini ya miguu yako. Tante alikuwa sekretari wa ofisi fulani mjini na alirudi kila jioni akiwa na viatu vya visigino ndani ya mfuko na malapa miguuni, kwa sababu ngazi za udongo za mtaa wetu hazikuheshimu ofisi ya mtu. Salon yake ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cheupe, kama msichana wa komunyo ya kwanza. Kwenye korido kulikuwa na babula, na juu ya babula kulikuwa na ile sufuria, na ndani ya sufuria maharagi yaliyoanza kuchemka tangu asubuhi. Nguo zangu zote zilinuka maharagi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiuwanja kidogo kilichoishia kwenye ukuta wa mawe na magunia ya udongo, na chini ya ukuta huo ilikuwa nyumba ya mbao ya akina Fiston. Kutoka uani kwetu tuliona paa lao, na kwa moshi tulijua wanapika nini. Fiston alisoma darasa moja na mimi. Aliishi na nyanya yake, Koko Nabintu, mwanamke ambaye miguu ilikuwa imekufa lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikaa kitandani kando ya dirisha kutwa nzima, na kutoka hapo alisalimiana na mtaa wote, akauliza habari za mimba, za mazishi na za bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Tante aliamua kwamba dawa yangu ni Koko. Kila asubuhi kabla ya shule nilitakiwa kusimama ukingoni mwa ukuta na kusema, "Jambo, Koko!" Nilisema. Kutoka chini Koko alijibu kwa sauti ya kuamsha wafu: "Sijasikia!" Nikarudia. "Sijasikia bado!" Nikarudia hadi mishipa ya shingo ikanisimama, na Koko, ambaye alikuwa ananiona vizuri kupitia dirishani na alijua kabisa ninachosema, akamalizia, "Haya, enda masomo, utanisalimia kesho." Wiki zikapita, miezi ikapita. Nilimchukia kidogo yule bibi. Nilimpenda pia, maana ndiye mtu pekee aliyeuchukulia ugonjwa wangu kama uvivu.

Kuna jambo lingine la mtaa wetu ambalo lazima nilieleze. Kila nyumba ilikuwa na sufuria yake ya kupiga. Wezi wenye silaha wakiingia kwa mtu, mwenye nyumba anapiga sufuria. Anayesikia anapiga yake. Na yule wa juu naye anapiga, hadi mlima mzima unalia. Mwizi anaweza kupambana na nyumba moja, lakini na mlima hawezi. Mara ya kwanza nilipousikia mlio huo nilikuwa mgeni wa wiki moja, na niliingia chini ya kitanda nikagoma kutoka. Tante alipomaliza kupiga aliinama, akanitazama mle gizani, jasho linamtiririka, akasema, "Nsimire, toka. Hii kelele ni yetu."

Sasa zombi. Fiston alipata diski ya filamu kwa rafiki yake, na Jumapili moja ambapo umeme ulitukumbuka akaja nayo kwetu. Ilikuwa ya Kiingereza. Fiston hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alijitolea kututafsiria, na kwa saa nzima tukaamini kwamba yule mzungu mwenye ndevu ni daktari aliyeibiwa mke na meya wa mji. Cha kutafsiri hakikuwa kingi hata hivyo. Wafu waliamka, wakatembea wakiyumba, wakala watu. Tante alikuwa anapiga pasi nyuma yetu na kila baada ya muda alisema "Yesu!" bila kuacha kutazama. Filamu ilipokwisha, Mugisho, mtoto wa Tante aliyekuwa anasoma sheria chuo kikuu na ambaye hakuweza kuona kitu bila kukipinga, akasema wale watu wamekufa kwa ujinga, maana walishika silaha mbaya. Fiston akamuuliza, "Na wewe ungeshika nini?" Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Uliendelea kila Jumapili hadi mwisho wa mwaka, baada ya kula, na kila mara Fiston aliufungua kwa maneno yaleyale: zombi beko ku mulango, uko na nini mu mukono?

Mugisho, kama mwanasheria, aliweka kanuni. Ya kwanza ilikuwa kwamba silaha lazima iwe kitu kilichomo ndani ya nyumba, unachoweza kukifikia bila kutoka nje. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema, akainua kidole. Ya pili ilitoka kwa Tante, na haikujadiliwa. Fiston alikuwa ametaja kalachi, na Tante akaweka pasi chini. "Mu hii nyumba bunduki inatajwa na radio tu. Na radio yenyewe minaweza kuizima." Hivyo tukabaki na vitu vya watu wa kawaida, na mabishano yakawa matamu zaidi. Fiston aliutetea mupanga. "Mupanga inakwama mu mufupa," Mugisho akamjibu. "Uko unavuta, unavuta, mwenzake anakukamata ku mugongo." Jembe lina mpini mrefu, lakini ukumbini halizunguki. Mtwangio ni mzito, unafaa mara moja tu, ya pili mikono imechoka. Pilipili kwa mtu asiyepumua haina kazi. Mugisho mwenyewe alisema hahitaji silaha yoyote, kwa kuwa ana ngazi za Kadutu: "Zombi gani atapanda hapa? Bazima benyewe banafika hawawezi hata kusema jambo!" Tulicheka hadi Koko akauliza kutoka chini ni nani ameolewa.

Baada ya majuma kadhaa Fiston alikuja na silaha yake ya kudumu. Ilikuwa kipande cha ferabeto, chuma cha zege, alichokiokota kwenye ujenzi na kukinoa ncha kwenye jiwe jioni baada ya jioni, kisha akakizungushia mpira wa baiskeli mahali pa kushikia. Kilikuwa kitu kizuri, lazima niseme. Alikiweka nyuma ya mlango wao na akakipa jina, ambalo sitalitaja kwa kuwa sasa ana heshima zake. Tante siku hiyo alikuwa anatugawia bugali na sambaza za kukaanga. Alikitazama kile chuma, akasema yeye silaha yake ni sufuria. Fiston alitaka kulia. "Tante! Zombi anafuata kelele! Ukipiga sufuria, umebaita ku meza!" Tante akasema yeye haiti zombi, anaita majirani. "Majirani beshakuwa zombi, Tante! Filamu uliiona!" Tante akafikiri kidogo. "Bote?" akauliza. "Hata mama Furaha? Ule hawezi. Ule ana deni ya sabuni yangu, atakuya."

Ndipo nikasema na mimi. Nilinong'ona kwamba silaha yangu ni kunyamaza. Wakasogea ili wasikie, na nikawaeleza. Babula unaizima kwa majivu, si kwa maji, maana maji yanalia. Kuku unawagawa mapema. Viatu unavua. Huingii chini ya kitanda, hapo ndipo kila mtu anatazama kwanza. Unakaa nyuma ya mlango ulio wazi, kwa sababu hakuna anayetafuta nyuma ya mlango ulio wazi, na unapumulia ndani ya kitambaa. Kikohozi unakimeza. Nilipomaliza, Mugisho, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, hakuwa na pingamizi. "Huyu njo champion," Fiston akasema polepole, bingwa ndiye mimi, na akanipa kichwa chake cha sambaza, heshima kubwa. Nilijivuna. Tangu nifike Bukavu sikuwa nimeshinda kitu chochote, si darasani, si kwaya, na sasa kumbe nilikuwa na ujuzi ambao watoto wa mjini hawana. Tante peke yake hakupiga makofi. Alinitazama, kijiko mkononi, akauliza, "Na asubuhi? Ukishanyamaza muzuri hivyo, nani atajua kama uko muzima?" Mugisho akaomba aongezewe bugali.

Nimefikiria swali hilo maisha yangu yote, nikiwa darasani, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya maji. Wakati ule liliniudhi. Nilimwona Tante kama mtu anayenipokonya kikombe changu cha ubingwa. Nilijua kunyamaza kulikuwa kumeniokoa, na mtu akikuambia vibaya kitu kilichokuokoa, humsikilizi hata kama anakupenda. Leo naweza kusema bila kumkosea mtu kwamba mimi na yeye sote tulikuwa na haki, ila haki yangu ilikuwa ya usiku mmoja.

Mvua ya mwezi wa nne ule ilinyesha bila adabu. Alasiri moja nilikuwa peke yangu nyumbani, Tante ofisini, Mugisho chuoni, nami nimekaa kwenye korido nakariri Kifaransa na kuchunga maharagi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba sikuyasikia hata mawazo yangu. Nikatoka uani kutazama ndoo, na nikaona maji yanatoka mahali pasipo pake. Hayakuwa yanapita juu ya ukuta. Yalikuwa yanatoka katikati ya mawe, ya rangi ya chai ya maziwa, na gunia moja la udongo lilikuwa limetokeza tumbo nje. Nikiwa natazama, jiwe moja likachomoka, likaanguka juu ya paa la akina Fiston. Chini ya paa hilo, kwenye dirisha lake, alikuwepo Koko.

Nilifungua mdomo. Koko aliniona, akanipungia mkono. "Sijasikia!" akasema, nilisoma midomo yake, anacheka, anadhani ni salamu. Nilijaribu tena na koo likafunga ule mlango wake. Nikakimbia ndani, nikaishika sufuria kwa kanga, nikayamwaga maharagi yote uani, maharagi yaliyokuwa yameiva, na nikaokota jiwe. Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, na ubavu ukaanza kubonyea chini ya jiwe. Mtaa wetu ulikuwa na masikio mazuri. Sufuria nyingine ikajibu, kisha nyingine, na milango ikafunguka. Watu wakamiminika mvuani, na kila mmoja alikuwa ameshika kitu. Niliona mupanga. Niliona mitwangio, jembe, mguu wa meza. Niliona silaha zote za Jumapili zikipanda ngazi kwa pamoja, na mbele yao Fiston na ferabeto yake. Moyo wangu ukafurahi, nikasema moyoni, wamekuja.

Lakini sufuria mtaani kwetu ilikuwa na maana moja tu, nayo ni mwizi. Hakuna mtu aliyewahi kuipigia mvua. Watu wakawa wanatafuta mwizi, na anayetafuta mwizi kwa bidii hakosi kumpata. Kwenye ngazi, kando kabisa ya nyumba yetu, kulikuwa na mwanamume anateremka mbio, miguu pekupeku, godoro jipya limekunjwa kichwani ndani ya plastiki. Mtu mgeni, anakimbia, na godoro. Mtu akapaza sauti, "Huyu hapa!" Wakamsukuma, akaanguka uso kwenye tope, godoro likabiringika. "Mi ni muchukuzi!" alikuwa analia. "Mi ni muchukuzi, banangoya godoro yabo!" Hakuna aliyemsikia, au waliomsikia walidhani wezi wote husema hivyo. Wengine walikuwa watu ninaowajua, waliokuwa wameniletea asali. Nikapiga sufuria zaidi ili wanitazame mimi. Na nilipozidi kupiga ndivyo walivyozidi kuwaka, maana masikioni mwao nilikuwa nasema mwizi, mwizi, mwizi. Fiston aliinua ferabeto juu ya kichwa chake. Nyuma yake gunia la pili likatoka ukutani.

Nikaitupa sufuria chini. Na nikasikia mwanamke anapiga ukelele. Nasema kweli, niligeuka nione ni nani. "Haiko mwizi! Ni kilima! Kilima inashuka! Fiston, Koko iko ndani!" Sauti ilikuwa nene, mbaya, ya mtu mzima, ilinipasua kifua ikatoka, na sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Mkono wa Fiston ukabaki juu. Watu wakanitazama, kisha wakatazama nilikoonyesha, na wakauona ukuta. Nikaendelea kupiga kelele, sikuweza kuacha, niliwaita kwa majina, niliwaambia wapite upande wa chini, niliwaambia waache ngazi. Wakashuka. Dirisha la Koko walilibomoa kwa jembe na mtwangio, mbao zikaruka, na aliyeingia wa kwanza alikuwa yule mchukuzi mwenyewe, tope usoni, damu puani. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kubeba ndiyo kazi yake, na mwili ulienda kabla ya akili. Walimtoa Koko wakamlaza juu ya lile godoro, wakalibeba pembe nne, wakafika kwenye ngazi za upande wa pili, na ukuta ukashuka. Ulichukua kitanda, dirisha na jiko. Haukuchukua mtu.

Waliponipitia, Koko alikuwa amekaa juu ya godoro mvuani mithili ya Mwami siku ya kutawazwa, kitambaa kimemdondoka, nywele nyeupe zimelowa. Akanyoosha kidole kwangu. "Leo nimesikia," akasema.

Tante alifika jioni, malapa mkononi, amepandisha mlima kwa mbio. Alinishika, akanipapasa mabega, kichwa, mikono, kisha akayaona maharagi yake yametapakaa uani. "Na maharagi?" akauliza. Kisha akaketi chini palepale kwenye unyevu na kulia kwa nguvu, na mimi nikalia naye, kwa sauti. Ilikuwa raha kubwa, kulia kwa sauti. Sikuwa nimeweza tangu Bunyakiri.

Kesho yake nikaamka sina sauti kabisa, hata ile ya kunong'ona. Koo lilikuwa limevimba. Daktari yuleyule akanimulika, na safari hii akafurahi, kwa kuwa aliona kitu: "Alipiga makelele sana, ni hiyo tu, itarudi." Ni katika siku hizo ambapo mchukuzi alirudi mtaani. Jina lake lilikuwa Byamungu, mtu wa Nyangezi. Alikuja na mkungu wa ndizi, akawa anauliza nyumba kwa nyumba: ni nani yule mwenye sauti? Alikuwa ameangushwa uso chini, hakumwona mtu, alisikia tu. Watu ambao hawakuwepo siku ile wakampeleka kwa mama Furaha, ambaye sauti yake inafika sokoni, akamsikiliza, akasema, "Haiko huyu." Wakampeleka kwa mwimbaji mmoja wa kwaya, haikuwa yeye. Mwishowe Tante akamwingiza kwetu akanionyesha mimi, niliyejifunga kitambaa shingoni, nanuka tangawizi. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Byamungu alikuwa mtu mwenye adabu. Alinitazama nilivyo mwembamba, akamtazama Tante, akasema aksanti, maman, akaweka ndizi mezani. "Mumupe mwenye sauti," alisema mlangoni. Fiston alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni. Akainuka, akamfuata nje, na wakakaa huko muda mrefu. Hakuniambia walisema nini, lakini alirudi macho mekundu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi nusura tumuue mgeni kabla hatujapona.

Ukuta ulijengwa upya na mtaa wenyewe, Jumamosi za salongo, yaani kazi za pamoja, kila nyumba ikitoa mtu na mawe. Fiston alileta ferabeto yake, akavua ule mpira wa baiskeli, akaizamisha ndani ya zege mbele ya wote. Ncha yake aliyoinoa imetokeza bado pembeni, ina kutu, watoto wanaanikia soksi. Mchezo wetu haukufa. Jumapili iliyofuata aliufungua kama kawaida, ila kwa aibu kidogo, na Mugisho akapendekeza kanuni ya tatu: anayeita watu awaambie anawaitia nini. Sufuria inaita, alisema, lakini haielezi. Tante akamwambia kwa maneno hayo tu, masomo yake ya sheria yamekwishajilipa. Mtihani nao ulifika. Chumba kilikuwa na madirisha wazi na pikipiki nje, na yule mtahini asiyenijua aliniuliza swali, nikamjibu. Akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Mademoiselle, doucement," akasema. "Mi siko kiziwi."

Sasa nafundisha shule ya msingi, watoto wengi kuliko viti, na wanasema wananisikia tangu getini. Siku ile ya matanga, Fiston alipomaliza kunichokoza, chakula kikawa tayari, na watu walikuwa wametawanyika, wengine kwenye ngazi, wengine uani kwa majirani, wazee chini ya hema. Hakuna aliyekuwa anakuja. Nikasimama ukingoni mwa ukuta, mahali pangu pa zamani, nikawaita. Chini ya hema kulikuwa na mzee mmoja ambaye sikuwa nimemwona akiingia, amekaa upande, fimbo kati ya magoti, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Waliniambia baadaye kwamba alirudi kulima kwao Nyangezi miaka hiyo, na kwamba kila alipokuja mjini alipitia kwa Tante na ndizi, daima siku za kazi, nami niko shuleni kwangu. Aligeuza kichwa kama mtu aliyeguswa begani. Akainuka kabla mtoto yeyote hajamsaidia.

"Njo huyu mwenye sauti," akasema.

Nikashuka nikamshika mikono yote miwili. Ilikuwa migumu, ya mtu aliyebeba vitu vya watu. "Papa Byamungu," nikamwambia, "ulikuya ukanitafuta. Ulinikuta."

"Nilikuta mutoto mumoja hana sauti," akasema.

"Nilikuwa nimeimaliza yote siku ile, juu yako."

Alicheka, meno machache, machozi yakishuka kutoka kwenye yale macho yasiyoona. Kisha akasimama wima, akaelekeza sikio upande wangu, akaomba: "Ita tena." Nikajaza kifua, na nikaita, watu wakuje kula.